Mshonaji asiyetoka jasho, na kiyoyozi anachokisugua kwa mswaki

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya mnada wa ng'ombe Ogwedhi, Lynnet Akeyo amepiga magoti juu ya paa la gari lake akisugua kiyoyozi kwa mswaki. Kichwani amejifunga leso iliyoloweshwa maji. Chini ng'ombe wanapita wakilia, vumbi linatimka, na yeye hana habari nao.

Anasugua vibati vyembamba vilivyopangana nyuma ya mashine, kimoja baada ya kingine, akitoa mabaki ya wadudu wa ziwani walionaswa jana gari lilipokuwa Homa Bay. Anapuliza, anachungulia, anasugua tena. Akiona mwanga umepenya, anatabasamu na kuonyesha meno ya bandia yaliyopangika vizuri.

"Hapa ndio inapumulia," anasema. "Ikiziba hapa, inakufa. Na mimi nafuata."

Msomaji asidhani anatia chumvi. Lynnet, mwenye umri wa miaka 41, alizaliwa bila uwezo wa kutoka jasho. Jua likipanda, joto linajaa mwilini mwake na halina pa kutokea, hadi kichwa kinazunguka na miguu inagoma.

Ndiyo maana anashona sare za shule akiwa ndani ya gari-nyumba, gari kuukuu la watalii lenye sinki na jiko ndani. Kitanda kimeondoka, cherehani mbili zimeingia. Kiyoyozi cha paani kimebaki, na ndicho kinachomweka hai kuanzia saa nne asubuhi hadi jua lipoe. Mumewe, Elijah, ndiye dereva. Jumatatu wako huku, Jumatano kule, kutoka Oyugis hadi mpakani mwa Narok, jenereta ikinguruma nyuma.

Kuingia ndani ya gari hilo saa saba mchana ni jambo la kumfanya mtu mzima asahau alichokuja kufanya. Nje, bati la vibanda linaunguza kidole. Unapanda ngazi mbili, mlango unafungwa nyuma yako, na baridi inakushuka shingoni taratibu.

Mzee Nchagwa, mfugaji aliyekuja kuchukua suruali ya mjukuu wake, anavua kofia kwanza kabla ya kusema lolote. Suruali amekwisha kuipata, pesa amelipa, lakini haondoki.

"Hii baridi inatoka wapi, na jua ni ile ile?" anauliza akitazama dari.

"Inatoka kwa hiyo jua, mzee," Lynnet anamjibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mashine inachukua joto ya hapa ndani inaitupa huko nje. Kazi ambayo mwili yangu ilikataa kufanya."

Mzee anatikisa kichwa. Anaonyeshwa kimrija pembeni kinachodondosha maji kwenye ndoo. Ni maji yaliyotolewa hewani, mchana mkavu, na Lynnet huyanyunyizia nguo anapopiga pasi. Mzee anachovya kidole, anaonja, kisha anaitazama suruali ya mjukuu wake upya.

Lynnet alipozaliwa Oyugis, hakuna aliyejua kwamba hatoki jasho. Meno yake ya chini hayakuota, na nyanya yake, mwanamke wa enzi zile za kung'oa meno sita ya chini ili mtu awe Mjaluo kamili, alifurahi kupita kiasi. Alizunguka kwa majirani akitangaza kwamba mjukuu wake amekuja duniani akiwa tayari, mizimu yenyewe imemfanyia kazi. Kuku alichinjwa.

"Nani angenipeleka hospitali na kuku imeshaliwa?" Lynnet anasema, akicheka hadi anashika meza.

Lakini kila kiangazi alichemka, na kila alipochemka alipewa dawa ya malaria. Shuleni alikalia gunia lililoloweshwa maji. Wenzake walimcheka, mwalimu mmoja alimchapa kwa kulowesha sakafu. Alipokuwa na miaka 19, akiwa amekwenda Kisumu kutafuta meno ya bandia, ndipo daktari wa meno alipomtazama kinywa, akatazama nywele zake chache, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Aliniuliza, 'Wewe hutoka jasho?' Nikalia. Sikujua ni kitu mtu anaweza kukosa." Meno, nywele na jasho, daktari alimweleza, vyote vimekosekana kwa sababu moja aliyozaliwa nayo.

Gari alilipata kwa sindano. Miaka sita iliyopita alishona mapazia na mashuka ya nyumba moja ya wageni upande wa Mbita, wanakopita watalii wa kisiwa cha Takawiri. Nyuma ya jengo aliliona gari-nyumba bovu, ndege wamejenga kiota ndani ya kiyoyozi. Akamwambia mwenye nyumba asimpe pesa, ampe lile gari. Mwenye nyumba alidhani joto limempanda.

Fundi Onsongo wa Oyugis, bingwa wa majokofu, ndiye aliyekifufua kiyoyozi hicho. Alikataa kukigusa kabla Lynnet hajakubali kujifunza.

"Nilimwambia, mimi niko Oyugis. Hii kitu ikikufia Ogwedhi, utaniitia wapi?" anakumbuka Onsongo. "Leo akipiga simu ananiambia ugonjwa na dawa. Mimi nabaki kusema ndiyo."

Siku ya kiyoyozi kumfia Ogwedhi ilifika, Februari mwaka jana.

Usiku wa kuamkia siku hiyo gari lilikuwa limelala ufuoni Homa Bay, na wadudu wa ziwani walikuwa wametanda hadi taa zikafifia. Elijah, aliyewahi kufanya biashara ya omena, dagaa wa ziwani, alikuwa na neti ya kuwaanikia. Kwa mapenzi tu, ili mkewe asihangaike na mswaki asubuhi, alipanda paani akakifunika kiyoyozi chote kwa ile neti, mikunjo minne, akaifunga kwa kamba. Alitaka kumshangaza. Kisha safari ikaanza, akasahau.

Asubuhi hiyo wateja walikuwa wengi, na Lynnet naye hakupanda paani. Saa saba mchana, Elijah akiwa amekwenda kwa pikipiki kutafuta petroli, upepo wa ndani ukawa wa vuguvugu. Mashine ikakoroma, ikanyamaza.

Ndani alikuwemo Rael, muuza maziwa Mkuria aliyekuja kuchukua sare za wanawe. Alimwona Lynnet akijaribu kusimama, kisha akiporomoka chini mzimamzima.

"Macho ilikuwa nyekundu, ngozi kavu kama ukuta," Rael anasimulia. "Nikatoka mbio nikapiga kelele: 'Leteni maji, mama wa baridi anaungua!'"

Na mnada ukasimama. Watu waliokuwa wakigombania bei ya fahali waliacha kugombana. Maji ya kunywesha ng'ombe yakabebwa kwa mitungi, mkono kwa mkono, hadi mlangoni. Walimmwagia Lynnet, wakamwagia na gari. Rael alilowesha shuka aliyojitanda akamfunika nayo.

Kutoka chini ya shuka hiyo, kwa sauti iliyokuwa ikikatika, Lynnet akaanza kufundisha.

"Panda juu, Mama. Niambie unaona nini."

Rael, ambaye hajawahi kupanda hata mti, akapanda. Kisha akachungulia kwenye dirisha la paa.

"Kuna neti ya samaki!"

"Toa! Lakini musiwashe. Ipumzike dakika kumi, ikiwashwa na moto wake itaungua kabisa."

Dakika kumi. Rael anasema hajawahi kungoja hivyo, hata akijifungua. Alisali kwa Kikuria, wengine kwa Kimaa, wengine kwa Kiluo, huku maji yakiendelea kuja. Halafu Lynnet akanyoosha kidole, mtu akabonyeza swichi, mashine ikatetemeka, ikavuta pumzi, ikanguruma. Baridi ikamfikia Lynnet usoni.

Elijah alirudi na petroli, akaikuta neti imetupwa chini. Tangu siku hiyo hajapanda juu ya paa.

"Ningeua mke wangu na mkono yangu, nikifikiri namsaidia," anasema, akiutazama huo mkono.

Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba lazima wawe na kiyoyozi cha akiba. Kwa faida ya shilingi kama 1,500 kwa siku, petroli ikishatolewa lakini chakula na matengenezo ya gari bado, iliwachukua miezi kumi na minne kufikisha 85,000 za kununua kilichotumika. Sasa kimelala chini ya meza ya kukatia vitambaa, kwenye boksi lake. Elijah hulipiga kofi dogo kila akipita.

Lakini Aprili, mama mmoja kutoka Uriri alifika akiwa amembeba binti wa miaka minne, Joyline, anayechemka kila mara. Ametibiwa malaria hadi mama amechoka kuhesabu. Lynnet alimtazama mtoto kinywani, akauliza swali lile lile.

"Mtoto wako hutoka jasho?"

Siku hizi, kila mnada, Joyline hulala kwenye mabaki ya vitambaa chini ya upepo wa mashine. Januari anatakiwa kuanza chekechea. Shule ina umeme, mwalimu mkuu amekubali paa litobolewe, na Onsongo ameshapima mahali pa kujenga kijukwaa cha mbao. Kilichokosekana ni kiyoyozi.

Lynnet amekwisha kuamua. Hakijakosekana. Kipo, chini ya meza ya vitambaa.

"Nyar Kasipul," Elijah anamwambia, binti wa Kasipul, kwa jina la kwao analomwita mambo yakiwa mazito. "Na hii yako ikikufa?"

"Nitaenda kukaa chekechea na Joyline," anajibu, akikata uzi kwa meno. "Uniform si nitajishonea?"

Mzee Nchagwa, ambaye bado hajaondoka, anacheka. Elijah hacheki. Analitazama boksi, anamtazama Joyline aliyelala kinywa wazi. Kisha anachukua mswaki kwenye kikombe kilicho kando ya sinki, anavua viatu, na kupanda juu ya paa.