Mwalimu wa Muziki na Skrini ya Ukutani

Masikio ya mwalimu wa muziki yalikufa polepole, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Maneno aliyasoma midomoni. Kusikiliza uimbaji aliiachia kompyuta: mtoto akipatia sauti, skrini ya ukutani iliwaka kijani, akikosea, nyekundu, na mwalimu akamkemea kama enzi zake.

Siku mwalimu mkuu alipokuja kukagua, umeme ulikatika katikati ya wimbo. Jeuri ikampanda mzee wa watu. Akamtupia mkuu jicho, kama kumwambia kuwa yeye na mashine wapi na wapi, akafumba macho, akaendelea kupunga mikono, kichwa kikiyumba kwa raha.

"Safi sana, wanangu," akasema.

Darasa zima lilikuwa kimya tangu skrini ilipozimika. Watoto nao walishasahau kuimba bila kuitazama.