Daktari Hakuniuliza Ananiambia Nini

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana watu wa huku wanaisoma hii page kuliko Biblia. Mimi ni mjane wa miaka 36, nina mtoto mmoja wa miaka tisa, nalima mpunga Ifakara, upande wa Katindiuka. Naandika nimesimama. Nikikaa, miguu yenyewe inaninyanyua.

Wanaolima mpunga watanielewa. Mpunga ukianza kujaa maziwa tunahamia shambani kuamia ndege, kuwafukuza wasiumalize. Mimi na marehemu mume wangu kila mtu alikuwa na dungu lake, kile kichanja cha juu ya miti, yeye mwisho ule, mimi mwisho huu, kutwa nzima kelele. Wale ndege kwelea wakiruka kutoka kwake ananiita, "We mama, wanakuja kwako!" Nikiwafukuza namrudishia, "Baba, wanakuja kwako!" Miaka kumi na moja. Kusema kweli maongezi mengi ya ndoa yetu yalikuwa hayo hayo.

Alifariki mwaka jana baada ya mavuno, homa ya siku tano tu. Msimu huu nikaenda peke yangu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikamsikia. Sauti yake ile ile, kutoka dungu lake: "We mama, wanakuja kwako!" Kugeuka, kweli, kwelea hao! Nikawafukuza, nikamjibu. Wala sikuogopa jamani. Nilifurahi mpaka nikalia.

Jirani akanisikia naongea na dungu tupu, akampigia simu kaka yangu. Sijitetei, ni kweli nilikuwa nasahau kula. Kaka alinikuta nimekonda, ugali wa jana haujaguswa, akanipeleka hospitali. Daktari kijana, mpole tu. "Mama, unasikia sauti za watu ambao hawapo?" Nikasema ndiyo. Akaandika. "Tangu lini?" Akaandika. "Unalala vizuri?" Akaandika. Hakuniuliza ni nani, wala ananiambia nini! Nilikuwa nayo mdomoni kabisa, akaita mgonjwa mwingine.

Dawa zilifanya kazi, sitawadanganya. Sauti ikaisha, na mimi nikaisha. Naona kwelea wanashuka kwenye mpunga wangu naangalia tu, kama shamba la mtu mwingine, mkono hauinuki. Mwanangu akaniambia, "Mama, siku hizi hata hunigombezi." Hilo liliniuma kuliko ule mpunga ulioliwa.

Niliporudi kuchukua dawa nilimkuta nesi mmoja, mama mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akanitazama vizuri, akaniuliza, "Kwani huyo alikuwa anakwambiaje?" Mtu wa kwanza kuniuliza! Nikamweleza yote. Akasema, "Mwanangu, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Ila dawa usiache kienyeji."

Nimeacha kienyeji. Wiki ya tatu hii, nazitupa chooni. Kumgombeza mwanangu nimerudia, ila usingizi umekata na moyo unakwenda mbio. Kaka hajui. Alishaniambia mbele ya watu, "Mdogo wangu, siku ukiacha dawa, mtoto nakaa naye mimi, na shamba hukanyagi." Ananipenda, najua, yeye ndiye aliyenilisha uji kwa kijiko. Lakini ubabe wake, mh!

Kliniki ni kesho kutwa, na kaka atanipeleka mwenyewe. Nikisema nimeacha, mtoto anaondoka. Nikinyamaza, narudishwa kwenye vile vidonge na kule kukaa kama gogo. Jamani mliopitia haya, nishikeni mkono, nifanyeje?

Na kuna moja sijamwambia mtu. Tangu niache dawa, mume wangu hajarudi. Jana nilikwenda shambani, tumeshavuna, ndege hata mmoja hayupo. Nikapanda dungu langu, nikaita kwa nguvu zote, "Baba, wanakuja kwako!" Nikasubiri mpaka jua likawa kali, nikaita tena. Sasa daktari akiniuliza kama bado nasikia sauti, nimjibu nini? Sisikii chochote. Anayeita sasa ni mimi.