Mashairi ya Kigiriki ya Daktari wa Kisarawe

Siku ya kwanza nilipofika kwa Daktari, Kisarawe, hakunikaribisha kiti. Alinipeleka kwenye beseni, akanisimamia nikinawa, kisha akasema, "Onyesha kucha."

Nilikuwa nimetoka maktaba moja ya Kibaha, nilikokuwa nikijalidi vitabu, yaani kuvishona na kuvivika majalada. Mkutubi Mkuu ndiye aliyenitafutia nafasi ile. "Zuhura," alinionya, "yule mzee anakushuku hata ukikohoa."

Daktari alisomea Ugiriki ujanani, akarudi na mapenzi ya mashairi ya huko. Kila alipojaliwa aliagiza matoleo ya kale: karatasi nzito, herufi zilizogandamizwa mpaka kidole kinazihisi, majalada ya ngozi ya mbuzi yenye maua ya dhahabu. Dhahabu ile hubandikwa kwa chuma cha moto, na moto ukizidi ngozi inaungua. Kazi yangu ilikuwa kuvikinga vitabu hivyo na unyevu na kushona upya migongo iliyolegea.

Baada ya muda vitabu vikaanza kupungua. Kikaondoka chekundu, kisha vya kijani.

"Bi Zuhura, nani mwingine ana ufunguo wa chumba cha vitabu?"

"Mimi na wewe tu, Daktari."

"Basi."

Neno hilo lilininyima usingizi. Nami nikaanza kumvizia mpishi, Tatu. Kila akitoka na kikapu nilichungulia. Akagundua, tukaacha kula pamoja.

Siku Daktari aliposema, "Jumatatu nakwenda polisi," Tatu alinifuata kibarazani. "Dada, sijakusamehe, lakini sikiliza. Mzee anakwenda shambani kwake Marui na mfuko umejaa, anarudi nao mtupu."

Tukamwomba atupeleke. Alikubali upesi, nadhani alitaka kutunasa. Ghalani, nyuma ya magunia ya mihogo, tulikuta vitabu vimepangwa chini kwenye udongo. Nikaokota kile chekundu. Maua ya dhahabu yalikuwa yaking'aa vilevile. Nikakifungua: mchwa walikuwa wamekula kurasa zote, ndani umejaa udongo.

"Nani kaviweka huku?" Daktari aliuliza.

"Ni wewe, Daktari," nilimjibu. "Ulivificha, ukasahau."

Alitutazama mmoja mmoja. "Mmepanga nyinyi wawili."

Polisi hakwenda. Akili yake iliendelea kufifia, nami nikabaki kumhudumia. Alilisahau jina langu, na hapo ndipo aliponiamini: alinishika mkono akinighania Kigiriki kwa moyo, nisielewe hata neno. Alipofariki, ndugu zake walivipakia vitabu vilivyosalia, nami nikastaafu.

Sasa niko Kibaha. Vijana wanaojifunza kujalidi hunijia, nawafundisha uzi, gundi ya wanga, na kuikagua rafu ya chini kila wiki, maana mchwa huanzia huko. Juzi binti mmoja aliniuliza, "Bibi, kweli hukubaki na hata kimoja?"

Nikamwambia sina. Akaitikia kwa adabu, kisha nikamwona anatazama kabati langu.