Ukuta Huu Haupigwi Lipu

Nakumbuka asubuhi moja, mvua zikikaribia, mama mkwe wangu alisimama mbele ya nyumba hii hii yetu ya Nachingwea, akaushika ukuta kama anayempima mtoto homa. Mwanangu, nilikuwa mwali wa juzi, nimeolewa kutoka Nambilanje, najiona mjanja. Kabla ya asubuhi hiyo, mama mkwe alikuwa amekwenda Lionja kwenye mikorosho yake. Huku nyuma nikamsumbua mume wangu mpaka tukapiga lipu ya saruji chumba chetu, ndani na nje, na chokaa juu.

"Mmefanya nini?" akauliza.

"Tumeipendezesha, mama."

"Mmeivisha koti la mvua, itoe jasho humo humo. Na mchwa mtamwona wapi?"

Nikacheka chinichini. Kumbe kukandika udongo kila mwaka hakukuwa urembo, ni ukaguzi. Mchwa akipanda juu ya udongo anaacha njia yake, unamkwangua, unapaka majivu. Ukuta ukilowa, unapumua, unakauka. Mimi nikauziba pua.

Mwaka wa pili, mvua kubwa, tuko shamba, ukuta ukalala wote juu ya kitanda changu cha harusi. Lipu bado nyeupe pe; ndani fito zimekuwa unga. Zilibaki nguzo za mpingo, mti usioliwa na mchwa, alizochonga baba mkwe, na kwa hizo tukausimamisha ukuta tena. Mama mkwe hakunitukana. Alinipa ndoo ya maji, akaniambia, "Vua viatu, kanyaga udongo."

Sasa juzi mjukuu wangu Hamisi kashuka kutoka Dar na mifuko ya saruji. "Bibi, nyumba ya udongo inatuaibisha. Tuipige lipu itoke freshi."

Aibu ya nani, Hamisi? Humu ndimo alimozaliwa baba yako. Joto la Oktoba likikuchoma chini ya mabati ya wenzako, unakuja kujilaza kwenye ukumbi wa nani? Hiyo aibu mbona hulali nayo nje?

Nimemwambia saruji akasakafie choo, kisha avue viatu. Kanuna, lakini tangu jana anakanyaga udongo uani, simu kaiweka dirishani.

Nanyi wengine sikieni. Kabla hujafunika kitu walichokiacha wazi wazee wako, uliza kwa nini walikiacha wazi. Uliza wakiwa hai. Mungu akupe paa lisilovuja, mwanangu, na miguu isiyoona haya udongo.