Kipepeo wa Doa Moja

Siku niliyomfuta Salma kwenye daftari naikumbuka vizuri, mwanangu, na haya yake haijanitoka.

Nilikuwa msichana, nimetoka chuo juzi, kichwa kimenivimba kwa cheti. Tulikuwa tukihesabu vipepeo katika mashamba ya ngazi ya Misfat al Abriyeen, milimani juu ya Nizwa, huko Omani. Salma, mtoto wa mama mdogo, alikuja kutoka Ibra kufanya kazi kwa majaribio. Cheti hakuwa nacho, ila macho alikuwa nayo.

Kuna kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mbawa nyeusi zenye madoa meupe. Ndege hamli, maana ni mchungu. Na yupo mwengine, jike, asiye mchungu, aliyevaa nguo zile zile ili ndege wamwogope. Salma aliandika mara tatu kwamba kamwona huyo mwigaji. Mimi, niliyepewa kukagua daftari lake, nilifuta mara tatu, nikaandika pembeni: "Anabuni." Sikumuuliza hata neno, na wahenga walishasema kuuliza si ujinga. Kwa neno langu lile, ikaamuliwa arudishwe kwao.

Asubuhi ya kuondoka kwake, Mzee Nasor, mkubwa wetu, mzaliwa wa Unguja, aliniita kwenye falaj, mfereji wa kumwagilia mitende. Alishika lile daftari. Kipepeo katua majanini, kafumba mbawa.

"Nani huyu?"

"Yule mchungu, babu."

"Ngoja afumbue."

Tukangoja, jua likanichoma shingo. Alipofumbua, ubawa wa nyuma ulikuwa na doa jeusi moja tu, ukingoni mbele. Mchungu anayo matatu au manne, katikati ya ubawa. Hayo niliyajua kitabuni. Shambani sikungoja kuyahesabu hata siku moja.

"Wallahi, binti yangu, mwenzio kakwambia mara tatu," akasema. "Sasa gari inamngoja. Nenda kamwambie wewe, mimi siendi."

Nilikwenda. Mbele ya wote nikasema Salma hakubuni kitu, mzushi ni mimi. Akashusha sanduku lake garini bila ya kuniangalia. Kazi alibaki nayo. Mimi alinisamehe baada ya mwaka mzima, na mwaka ule ulikuwa mrefu.

Basi mwanangu, kipepeo mngoje afumbue, hesabu madoa, ndipo umpe jina. Na mwenzako, kabla hujalifuta neno lake, muulize aliona nini na alisimama wapi. Majuto ni mjukuu. Mola akujaalie subira ya kungoja, na siku utakayomkosea mtu mbele ya watu, akupe moyo wa kumtaka radhi mbele ya watu wale wale.