Ng'ombe wa Kuazima

Mimi, fundi cherehani kutoka Nyasa, mwerevu kuliko Makambako nzima, niliomba mkopo benki. Mzungu wa benki akataka nionyeshe mali kwanza, maana mgeni anaweza kutoroka na fedha zake. Nikaazima ng'ombe wa jirani yangu, Mbena mwenyeji wa hapo.

Mzungu alipofika malishoni, nikatunisha kifua.

"Hao ndio ng'ombe wangu, bwana. Nimewalea mwenyewe."

"Vizuri. Waite."

Nikawaita kwa Kinyanja. Wapi! Nikawaita kwa Kiswahili, nikaongeza na Kiingereza changu cha misheni. Wakaendelea kula majani.

Jirani, aliyejificha nyuma ya miti ya miwati, akashindwa kuvumilia. Akaita mara moja tu kwa Kibena, kundi zima likamkimbilia.

Mzungu naye akamfuata.

"Bwana, wewe huhitaji mkopo?"