Shingo ya Bwana Harusi

Kinyozi hajinyoi. Watu husema hivyo kwa mafumbo, wanatikisa kichwa kana kwamba wamegundua jambo, lakini kwetu ni ratiba tu ya kazi. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hatujafungua mlango wa mbele, mimi humnyoa shemeji yangu, naye huninyoa mimi. Tumefanya hivyo tangu alipomuoa dada yangu na kunipa kiti cha pili kwenye saluni yake. Kwa hiyo msinieleze habari za shingo ya mtu yule. Yeye huiona kwenye kioo tu, mimi nimeishika.

Mtaani wanamwita Bwana Harusi. Enzi zake, hakuna kijana aliyeoa bila kupita mikononi mwake kwanza, na yeye mwenyewe alivaa kama anayengojwa na mashahidi. Hata siku tuliyozibua mtaro wa maji machafu nyuma ya saluni, alikuja na shati lililopigwa pasi. Dada akamuuliza, "Baba watoto, leo unaoa mtaro?" Alicheka, lakini shati hakubadilisha.

Ila ujana ni moshi. Nyama ya chini ya kidevu ilianza kulegea, ngozi ya shingo ikajikunja, na taya lililokuwa limenyooka likaanza kushuka huku na huku kando ya mdomo. Kwangu halikuwa jambo. Ngozi ikilegea unaivuta kwa kidole gumba, unapitisha wembe, unaiachia. Lakini hebu fikiria kazi yenyewe. Kinyozi anasimama nyuma ya mteja, mbele yao kioo, na kutwa nzima uso wake uko juu ya uso wa mtu mwingine, mara nyingi kijana. Halafu yeye, kwa kujitakia, akafunga taa mpya kali kuzunguka vioo vyote! Nikamwambia, "Shemeji, hizi taa zitatuumbua." Akasema sijui biashara.

Siku moja akaja kijana aliyekuwa anaoa wiki ile. Akakaa kwenye kiti cha Bwana Harusi, akatazama kwenye kioo, akasema kwa adabu zote, "Samahani mzee, naweza kumsubiri yule mwingine?" Yule mwingine ni mimi, na mimi na shemeji tumepishana miaka michache tu. Shemeji akasema hakuna neno, akakung'uta kitambaa chake. Tangu siku ile akawa ananyoa amejibanza ubavuni mwa kiti ili asijione, na akiongea ananyanyua kidevu kama anachungulia ukuta wa jirani.

Jumatatu moja akakataa kunyolewa.

"Leo ngozi inawasha," akasema. Shingoni skafu, na joto lile! Mteja wa kwanza akamuuliza kama ana matubwitubwi. Wa pili akasema hapana, hilo ni jino. Bwana Harusi akawaitikia wote wawili. Mchana tulipobaki peke yetu nikafunga komeo, nikageuza kiti.

"Kaa."

"Shemeji, nimekwambia..."

"Kaa, bwana! Kinyozi mwenye ndevu za mfungwa, nani atamletea kichwa chake?"

Akakaa. Nilipofungua ile skafu nilishtuka. Kidevu na koo vilikuwa vimevimba vikawa kitu kimoja, na chini ya taya kulikuwa na vitone vyekundu vimepangwa mistari, kama mbegu za bustani. Nikapaka povu. Wembe ukateleza juu ya uvimbe, nikamkata. Damu ikashuka mpaka kwenye kola, na yeye anaendelea kunieleza jinsi nyembe za siku hizi zilivyo mbovu. Hakujikunja, hakupepesa hata jicho.

"Shemeji, nimekukata."

"Wapi?"

Hapo ndipo hofu iliponiingia.

Akanieleza yote. Alikwenda ghorofani, juu ya duka la viatu, kwenye chumba cha urembo. Mwanamke mmoja akamchora vitone kwa kalamu, akamdunga sindano za kuyeyusha mafuta ya kidevu, kisha nyingine za kukaza shingo. Hakuna kisu, hakuna kulazwa, unaingia mzee unatoka kijana.

"Ni daktari?"

"Alivaa koti jeupe."

"Hata muuza nyama buchani anavaa koti jeupe!"

"Chumba kilikuwa kisafi sana," akasema kwa sauti ya chini.

"Na dawa inaitwaje?"

"Sikuuliza."

Jamani! Mtu huyu akinunua spiriti ya kusafishia mashine anaisoma chupa mbele na nyuma, mpaka muuzaji anakereka. Leo amedungwa kooni na hajui amedungwa nini. Nilitaka kumzaba kofi, ila mahali penyewe pa kumzaba palikuwa pamekufa ganzi.

Akaniapisha nisimwambie dada. "Atacheka mpaka majirani waje kuuliza kuna nini," akasema. Nikaapa. Siri ya mtungi aijuaye kata, nikajisemea, na kata yenyewe ndiyo mimi. Uvimbe utashuka, yataisha.

Uvimbe ukashuka kweli. Kilichofuata kikawa kibaya zaidi. Asubuhi moja alimchekea mteja, na mdomo wa chini ukashuka upande mmoja tu. Upande wa kushoto ukabaki pale pale, umelala. Niliweka mashine mezani, kazi ikanishinda.

Ni kwa sababu ya baba yetu. Baba naye alianza hivyo hivyo, mdomo upande, asubuhi, anahangaika na kifungo cha shati. Kiharusi. Hakusimama tena peke yake. Aliyemuuguza ni dada, kwa miaka, akimlisha kwa kikombe chenye mdomo mrefu, akimfuta kidevu, akimgeuza kitandani. Mimi nilikuwa nakuja Jumapili, namnyoa, naondoka. Baba alipofariki, dada akakodi chumba kidogo, akaweka cherehani mbili, akapata kazi ya kushona sare za shule. Ukipita pale unamsikia anaimba. Mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba dada yangu anajua kuimba.

Nikamvuta shemeji mpaka stoo.

"Nyanyua mikono yote miwili."

Akanyanyua.

"Taja majina ya wanao."

Akayataja kwa hasira, mmoja mmoja. "Ni sindano tu hii," akasema.

"Unajuaje?"

"Najua."

"Na kama siyo?"

Akatoa simu. Tukampigia yule mwanamke wa koti jeupe. Akasema ni kawaida, itajirudi yenyewe, anywe maji mengi. Tulipopiga mara ya pili, simu haipatikani.

"Twende hospitali," nikasema.

"Nikienda, dada yako atajua."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mimi siumwi!"

Mdomo unasema hauumwi, na mdomo wenyewe uko upande. Nikaenda nyumbani nikipiga hesabu. Nikikaa kimya na ikawa ni kiharusi, nimemuua shemeji yangu kwa mkono wangu. Nikisema na ikawa ni sindano, nimevunja kiapo na kumvua nguo mbele ya mkewe. Nikamkasirikia shemeji, nikamkasirikia yule bwana harusi mtoto na adabu zake, nikamkasirikia hata aliyebuni sindano.

Kesho yake ikawa Jumatatu. Nilikuwa nimeshamnyoa upande mmoja, upande wa pili una povu, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Dada. Hakubisha hodi, hakusalimu. Aliweka mkoba mezani katikati ya vitana, akatoa kikombe. Nilikijua mara moja. Kile cha baba, chenye mdomo mrefu.

"Nilikiweka juu ya kabati," akasema. "Sikujua kwa nini sikitupi. Kumbe."

"Mama watoto..." shemeji akaanza.

"Nyamaza. Jana nimekuona unakunywa chai, chai inakutoka pembeni, unaniambia umelalia shingo vibaya. Mimi nimeuguza kiharusi. Mnadhani nimesahau sura yake?" Alikuwa na ufunguo mkononi, ule wa chumba cha cherehani. "Naenda kurudisha huu kwa mwenyewe. Sare watashona wengine. Nikirudi tunakwenda hospitali, na baada ya hapo niko nyumbani na wewe. Na wewe mdogo wangu safari hii utanisaidia kumgeuza. Siyo kuja Jumapili na wembe wako ukaondoka."

Alisema yote bila machozi, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamtazama shemeji kwenye kioo. Sema, nikamwomba kwa macho. Sema, mwanamume mzima. Akafumba macho. Dada akageuka kwenda mlangoni.

Kiapo changu nikakiacha hapo hapo. Nikamnyanyua kidevu kwa kidole gumba kama ninavyofanya siku zote, nikafuta povu la shingoni kwa taulo.

"Dada, njoo uone hapa."

Vitone vilikuwa vimefifia, lakini chini ya zile taa zake kali vilionekana vyote, mstari kwa mstari. Dada akainama.

"Nini hivi?"

"Sindano," shemeji akasema mwenyewe, macho chini. "Za urembo. Nilitaka kupunguza shingo."

Nikangoja kicheko. Hakikuja. Dada alikaa kwenye kiti changu, kiti kikazunguka kidogo naye.

"Mimi nimelia bafuni," akasema, "nimefungulia maji ili usinisikie. Kumbe wewe unajipamba?" Akasimama. "Inuka, twende hospitali."

"Bado upande mmoja..."

"Inuka hivyo hivyo!"

Tukatoka. Bwana Harusi, mtu wa shati la pasi, akapita barabara nzima na kitambaa cha saluni shingoni na povu shavu moja. Watu walifungua midomo kumtania, wakaona uso wa dada, wakaifunga.

Daktari alikuwa mama mwenye miwani, mtu mzima. Akampima mikono, miguu, nyusi, ulimi, akampeleka akapigwe picha ya kichwa. Tukakaa kwenye benchi. Dada ameukamata ufunguo mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Mimi nilikuwa naomba kitu ambacho sikuwahi kudhani nitakiomba, kwamba shemeji yangu awe mjinga tu na asiwe mgonjwa.

Mjinga tu. Daktari akasema siyo kiharusi. Sindano imeugusa mshipa wa fahamu unaovuta mdomo. Huenda ukarudi baada ya wiki kadhaa, huenda miezi, hawezi kuahidi. Kisha akatugeukia wote. "Mdomo ukienda upande, hamkai nyumbani mkabahatisha. Mnakuja siku hiyo hiyo. Na sindano za shingo zina waliozisomea, siyo kila mwenye chumba kisafi." Nikakohoa. Akashusha miwani, akamtazama shemeji. "Lakini kwa nini, mzee wangu?"

Mimi nilikuwa na jibu tayari, yule kijana na harusi yake. Shemeji hakumtaja. Wala hakumjibu daktari, alimgeukia dada.

"Baba yako alipokuwa mgonjwa nilikuwa nakuona unamfuta kidevu. Asubuhi, mchana, jioni. Hukulalamika hata siku moja, lakini mgongo wako niliuona. Sasa kila nikisimama kwenye kioo, kidevu kile kile, kiko kwangu. Nikasema, huyu mama ndiyo kwanza amepumua. Ndiyo kwanza anaimba. Asije akanitazama akaona mzee wa pili anakuja."

Daktari akajifanya anatafuta kalamu. Nami nikatazama viatu vyangu.

Povu lilikuwa limekauka shavuni mwa shemeji, limebaki magamba magamba. Dada akatoa kitambaa mkobani, akakilowesha kwa maji ya chupa, akaanza kumfuta, polepole, kutoka shingoni kwenda juu, vile vile alivyokuwa anamfuta baba. Shemeji akajivuta nyuma, kisha akaacha. Tone la maji lilikuwa linamshuka chini ya taya na yeye halisikii. Dada akaliona, akalifuata kwa kitambaa.

"Nishikie huu," akaniambia, akanitupia ufunguo. "Usije ukaupoteza, mchana nina sare za kumalizia."

Shemeji akatabasamu. Tabasamu likaenda upande.

"Usinichekee," dada akasema, sasa amemshika kidevu kwa mikono yote miwili. "Bado nina hasira na wewe."